Kwenye video ya dakika 12 nilikata sauti yangu mwenyewe mara 17

FundiBobini (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Mwaka wa sita huu kazi hiyo naifanya mbele ya kamera: cherehani inayoruka mishono, inayokata uzi, iliyoshikwa na kutu, naifungua, naieleza, naifunga. Kila Jumanne asubuhi natoa video kwenye chaneli yangu ya YouTube, na chaneli ndiyo inayolipa bili za nyumba. Nina mke na watoto wawili, binti wa miaka 8 na mdogo wake wa miaka 4. Na nina blogu. Blogu ni kongwe kuliko chaneli, ni kongwe hata kuliko binti. Naandika chochote kilichonikaa kichwani, na wasomaji wake ukiwakusanya hawajazi chumba kimoja.

Kilichonileta ni hiki. Mwezi uliopita nilikesha nikihariri video ya dakika 12. Wanaohariri wanajua, kwenye kompyuta sauti huonekana kama mstari: ukinyamaza umelala, ukiongea unanyanyuka. Mimi nimezoea kurukia milima iliyo mahali pasipostahili, kwa sababu mlima wa namna hiyo ni kelele ya kukata: mlango, honi, kitu kimeanguka jikoni. Nikaanza. Mlima wa kwanza, nikausikiliza: "Toka." Nikakata. Wa pili: "Nimesema nini?" Nikakata. Wa tatu: "Shhh!" Nikawa nakata tu kama ninavyokata siku zote, mpaka kidole kikagoma. Nikarudi nyuma kuhesabu. Vipande 17. Watoto nilikuwa nawafukuza kwa sababu ya kelele, na kelele zote zilizobidi kukatwa zilikuwa zangu.

Cha mwisho ndicho kilichonimaliza. Unasikia kitasa kinazungushwa polepole sana, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa. Kisha sauti ya mdogo, ananong'ona: "Baba, umemaliza?" Kisha mimi. Nilichomjibu sitakiandika hapa.

Video ikatoka safi. Kwenye maoni mtu wa kwanza akaandika: "Hongera fundi, una subira sana."

Sasa nauliza wenzangu mnaofanya kazi hizi ndani ya nyumba mnamoishi, mnaishije? Na tafadhali asije mtu kuniambia nipange ratiba. Ratiba ninayo, imebandikwa ukutani, ina rangi nne.

KalamuKavu

Pole mkuu. Ila naona adui umempitia pembeni. Adui ni blogu. Haikuingizii hata senti, watu wake hawajazi chumba (umesema mwenyewe), na inakula usiku wako. Funga blogu, usiku uwe wa kuhariri, mchana uwe wa watoto. Hesabu ndogo tu hiyo.

MamaMapacha

KalamuKavu, umejibu kama mtu ambaye hajawahi kuamshwa saa tisa usiku na mtoto mwenye kiu. Mleta mada hajalalamika kwamba muda hautoshi. Anasema subira inaishia kwenye video, watoto wanabakiwa na makombo. Hilo halitibiwi kwa kuongeza saa mbili za kuhariri.

FundiBobini

Mama, umenisoma vizuri kuliko nilivyoandika.

Lakini KalamuKavu naye nisimtupe, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kuishuku blogu. Baada ya usiku ule nilichukua daftari, wiki mbili nzima nikaandika kila dakika ilikokwenda. Video moja: maandalizi saa 3, kurekodi saa 2, kuhariri saa 7, picha ya jalada na kichwa cha habari saa 1 na nusu (ndiyo, saa na nusu kwa picha moja, na bado sura yangu imekaa kama ya pasipoti). Blogu: saa 2 kwa wiki, na hizo zote watoto wameshalala.

Nilitegemea mwizi awe kuhariri. Kumbe mwizi hakuwemo hata kwenye orodha. Ni ukurasa wa takwimu za chaneli. Siku ya nne niliamua kuchora kijistari kila nilipoufungua kwenye simu. Hadi usiku vilikuwa 41. Mezani, bafuni, huku nimembeba mtoto. Kila mara ni sekunde kumi, labda kumi na tano, kwa hiyo ukijumlisha dakika ni chache. Lakini uso ninaourudisha kwa mtoto baada ya zile sekunde kumi si ule niliokuwa nao. Namba ikishuka, mtoto analipa. Ikipanda, napata bashasha ambayo hajui imetoka wapi.

MzeeWaMkasi

Nimehariri video za watu kwa miaka mingi, naomba niweke mambo mawili mezani, moja la hofu na moja la sauti.

La hofu. Watu wengi wanajitesa wakidhani wakikosa wiki moja wanafutwa kwenye ramani. Hebu tazama kanuni zenyewe. YouTube tangu 2018 kuingia kwenye mgawo wa matangazo unatakiwa kuwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na kwa wanaotegemea video fupi iko njia nyingine ya kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Mwaka 2023 wakaongeza ngazi ya chini: wafuatiliaji 500, saa 3,000, na video tatu za hadharani ndani ya siku 90. Tatu! Si kumi na mbili. Ukishaingia, chaneli inakuwa hatarini kuondolewa kwenye mpango kwa kutelekezwa ikikaa miezi sita bila kuweka chochote. Miezi sita mkuu. Hakuna palipoandikwa "kila Jumanne saa kumi na mbili asubuhi". Jumanne ulijiwekea wewe.

Sisemi ukilegea hutaumia. Utaumia kidogo. Ila angalia aina ya mzigo unaouza. Anayefanya video za habari, video yake inachacha baada ya siku mbili. Cherehani inayoruka mishono leo itaruka mishono miaka mitano ijayo, na mwenye nayo atakutafuta. Na kwenye video ndefu unapata asilimia 55 ya pato la tangazo, fupi ni asilimia 45 ya fungu unalogawiwa kutoka kapu la pamoja la matangazo, kwa hiyo usidanganywe kukimbizana na vifupi kila siku ukiwa na watoto wadogo ndani. Nimewahariria watu waliokimbizana navyo. Macho yao nayakumbuka.

La sauti. Wewe unarekodi mikono na mdomo kwa pamoja, sivyo? Kwa nini? Mikono haisikii kelele. Rekodi mikono kwanza, kamera ikitazama meza, watoto wawepo, waimbe, wapigane, sauti hiyo yote unaitupa. Maelezo yasome baadaye ukiwa peke yako, dakika 12 za maneno ni kazi ya nusu saa. Ile amri ya nyumba nzima kunyamaza saa mbili inakufa hapo hapo.

Na maikrofoni ilete karibu. Ukipunguza kwa nusu umbali kati yake na mdomo, sauti yako inapanda kwa takriban desibeli 6 (desibeli ndicho kipimo cha sauti) wakati kelele ya chumba inabaki palepale. Unapunguza upokeaji wa maikrofoni, chumba kinapotea. Watu wananunua maikrofoni ya bei mbaya kisha wanaisimamisha mita moja mbali, halafu wanamgombeza mtoto.

FundiBobini

Mzee, hapo kwenye mikono nimekaa kimya dakika nzima. Miaka sita. Miaka sita nawanyamazisha watu kwa ajili ya mikono.

PichaKali

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Watie watoto ndani ya video! Watazamaji wanapenda familia. Kijana ashike bisibisi, binti aeleze, unapata muda na familia na kazi inaenda. Ndege wawili, jiwe moja.

MamaMapacha

PichaKali, taratibu. Hiyo njia nimeipita. Pacha wangu walikuwa na miaka 5, video zao zilitazamwa kuliko zangu zote. Kilichonitoa si maadili, niseme ukweli, ni siku ambayo mmoja wao alikataa kuamka na mimi nikajikuta namwambia "watu wanakusubiri". Mtoto wa miaka mitano, watu gani wanamsubiri? Hapo nikajua nimemwajiri.

Na usidhani ni hisia za mama tu. Marekani, jimbo la California lilitunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji mwaka 1939, baada ya Jackie Coogan kukua na kukuta fedha alizochuma utotoni zimetumiwa na mama yake na baba wa kambo. Kwa watoto wa video za mitandaoni Ufaransa ikatunga yake Oktoba 2020, na Illinois sheria yao ikaanza kutumika Julai 1, 2024, mtoto anatengewa fungu lake. Maana yake huko wameshakubali kwamba mtoto mbele ya kamera inayoingiza pesa yuko kazini. Ukimweka mwanao, jiulize mshahara wake uko wapi.

Hata kibiashara kuna shimo. Tangu Januari 2020 YouTube inakutaka utamke kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Ikiwa hivyo, maoni yanafungwa na matangazo yanayomlenga mtazamaji hayawekwi. Watu walioijenga nyumba yao juu ya watoto walihisi hilo mfukoni.

SautiYaChini

Nasoma humu siku zote, leo naandika. Mimi si mtu wa video. Ni mke wa mtu wa video.

Kinachouma si saa. Mume akiwa dereva wa masafa marefu unajua hayupo, unapanga maisha. Huyu yupo, lakini kila kitu kwake ni malighafi. Siku niliyompa habari ya ujauzito wa mtoto wetu wa pili alifurahi, machozi yakamtoka. Halafu akaniuliza kama naweza kutoka nje na kuingia tena, kwa sababu simu ilikuwa kwenye chaji.

Nilitoka. Nikaingia tena. Ile video ipo, ina maelfu ya watu waliopenda. Mimi sijawahi kuimaliza.

Fundi, nyumbani kwako muulize mama watoto swali moja: ni kitu gani hapendi kionekane. Usimpe orodha achague, mwache aseme.

KalamuKavu

SautiYaChini, dah. Sina la kuongeza hapo.

Fundi, narudi kwenye blogu kwa sababu hujanijibu. Hujasema kwa nini unaing'ang'ania.

FundiBobini

Haki yako. Nikujibu kwa urefu, maana hapa ndipo penye utata wangu.

Nilianza blogu nikiwa sina mtoto wala kamera. Enzi hizo wengi wetu tulikuwa tunaandika bila kuuliza inalipa nini. Neno lenyewe la "weblog" lilianza kutumika 1997, majukwaa ya kuandikia yakafuata, Blogger 1999, WordPress 2003, na kwa muda mrefu blogu ya mtu ilikuwa ni daftari lililosahauliwa wazi mezani. Mtu anaandika kuhusu jino lake. Nyingine inahusu jirani. Nilipenda hilo.

Mwaka wa pili wa chaneli nikaingiwa na tamaa. Nikasema blogu nayo ifanye kazi. Nikaweka matangazo, nikaanza kutafuta maneno yanayotafutwa na watu. Ndani ya miezi mitatu nikajikuta saa sita usiku naandika makala "Njia bora za kumlaza mtoto mapema", na mtoto mwenyewe yuko macho chumba cha pili anaruka kitandani. Pato la miezi mitatu halikufikia hata dola 100, na chini ya hapo AdSense, huduma ya matangazo ya Google, hailipi, inasubiri zijae. Nikatoa matangazo yote. Sijawahi kujuta.

Kwenye video anayeniangalia ana cherehani mbovu na haraka. Sawa, ndiyo biashara, nampa anachotaka. Kwenye blogu hakuna anayenitaka chochote. Nikiandika vibaya hakuna takwimu itakayoshuka. Ni mahali pekee kwa wiki ambapo sentensi yangu haina kazi ya kufanya. Nikiikata, KalamuKavu, kinachobaki ni mtu anayeongea kwa kuuza tu, na huyo ndiye anayeingia mezani kula na wanangu.

Lakini blogu si malaika. Iliniumiza nayo. Niliwahi kuandika kuhusu ugomvi mmoja wa nyumbani, nikajiona mwandishi, nikaupamba vizuri. Sikutaja jina la mtu. Wiki mbili baadaye mfanyakazi mwenzake mama watoto akamuuliza kwa upole kama mambo yametulia. Alirudi nyumbani hakusema kitu, akaniwekea simu mezani ukurasa ukiwa wazi. Nilijifunza kwa nini yule Mmarekani, Heather Armstrong, jina la blogu yake, Dooce, liligeuka kuwa kitenzi: alianza kuandika 2001, mwaka uliofuata akapoteza kazi kwa aliyoyaandika kuhusu ofisini kwake, na tangu hapo Waingereza na Wamarekani wakawa wanatumia neno "dooced" kwa aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya blogu. Mimi sikufukuzwa. Nililala sebuleni siku tatu.

Tangu siku ile, chochote chenye mama watoto ndani anakisoma kabla hakijatoka, na akisema hapana haelezi sababu wala mimi siulizi. Ameshakataa maandishi manne. Moja lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Limo kwenye droo, labda litabaki humo.

PichaKali

Kuhusu watoto kwenye video nimewaelewa. Ila mke akikataa kitu kizuri bila sababu, mimi ningeuliza.

MamaMapacha

Ndiyo maana wewe ungelala sebuleni siku nne.

FundiBobini (wiki tatu baadaye)

Narudi na mrejesho kama nilivyomwahidi Mzee faraghani.

Takwimu nimeziondoa kwenye simu. Naziangalia Jumatatu asubuhi kwenye kompyuta, basi. Siku tatu za kwanza kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe mahali alama ilipokuwa, kinabonyeza kitu kingine. Nimefungua kikokotoo mara nyingi wiki ile kuliko maisha yangu yote.

Video moja ilichelewa wiki nzima. Waliotazama chaneli wiki hiyo walipungua kama theluthi, nikatokwa jasho. Wiki iliyofuata ikarudi karibu na kawaida, na iliyobeba mzigo ni video ya zamani kuhusu mkazo wa uzi, ya mwaka wangu wa kwanza, taa mbovu, naongea kama nina mafua. Mzee, ulisema. Pesa ya mwezi ilipungua lakini si kwa kiasi cha kutisha. Inaingia kati ya tarehe 21 na 26, na mama watoto ndiye mwenye daftari, ameshaweka akiba ya Januari kwa sababu kila mwaka matangazo hunenepa Desemba na kukonda Januari, na kila mwaka mimi hushangaa upya.

Swali la SautiYaChini nililiuliza. Nilitegemea aseme sura za watoto, au yeye mwenyewe. Akasema: ngazi. Hapendi ngazi zetu zionekane nyuma yangu. Kwa nini ngazi? Kwa sababu ndipo anapokaa kuongea na mama yake kwenye simu, na kila akikaa hapo anahisi watu wanamwona. Miaka sita ngazi zimekuwa nyuma ya kichwa changu kwenye kila video. Nimegeuza meza. Sasa nyuma yangu kuna ukuta mtupu, watazamaji wawili wamelalamika.

Mikono narekodi mchana, mlango uko wazi. Mdogo anakaa kwenye kiti pembeni, kazi yake ni kunipa skrubu nikiomba. Wiki jana alinipa ambayo siyo, nikaifunga nusu, ikagoma, akacheka mpaka akateleza kwenye kiti. Kipande hicho nimekikata kwa sababu mkono wake unaonekana, ila kipo kwenye folda isiyo ya kazi. Wiki hiyohiyo nilimfokea tena, tena vibaya, na kamera ilikuwa imezimwa kabisa, kwa hiyo sina cha kusingizia.

Sauti nasoma usiku, chini ya blanketi, maikrofoni imebanwa kwenye kola.

KalamuKavu

Na blogu?

FundiBobini

Jumapili, aya tatu. Imesomwa na watu 11.

MzeeWaMkasi

Hilo la blanketi nimelipenda, linakula mwangwi vizuri sana. Ni jepesi au zito?

FundiBobini

Zito kuliko yote ndani ya nyumba. Joto lake usiulize. Narekodi dakika nne, natoka kuhema, narudi.